Kulabu ya Buti Haikuwekwa Kubeba Uzito

Karibu kila mtu anayeniletea kulabu ya mifuko ili nimfungie kwenye buti la gari huuliza swali lilelile kabla sijaitoa kwenye pakiti: inabeba kilo ngapi? Nimechoka kulijibu, kwa kuwa swali lenyewe limejengwa juu ya dhana kwamba mfuko wa bidhaa unapaswa kuning'inia hewani kama koti kabatini, na kwamba kadiri kulabu inavyokuwa nene ndivyo mzigo unavyokuwa salama. Kulabu ya buti kazi yake ni kuuzuia mfuko usipinduke. Uzito unapaswa kubebwa na sakafu, na mfuko ukifungwa ipasavyo kitako chake hugusa sakafu huku mikono yake ikiwa imekazwa kidogo tu.

Wasioniamini huwafanyia hesabu. Tuchukue mfuko wa kilo 4, ambao ukining'inia unavuta kulabu kwa takriban niutoni 40 (niutoni ni kipimo cha nguvu) gari likiwa limesimama. Gurudumu likitumbukia kwenye shimo na mfuko ukarushwa kisha ukarudi kwa ghafla, mvuto huo unaweza kufika mara mbili au kuzidi. Sasa tuushushe mfuko huohuo hadi sakafuni: upana wa kitako sentimita 16, kitovu cha uzito sentimita 15 kutoka chini, na kulabu kwenye kimo cha sentimita 40. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, mfuko husukumwa mbele kwa takriban niutoni 32, lakini uzito wake wenyewe unaukalisha, na kulabu inabakiwa na kazi ya niutoni 4 hivi za kuuzuia usilale. Nakiri kwamba hesabu hii imechukulia kwamba kitako hakitelezi, jambo ambalo si kweli daima, kwani kwenye mkeka laini wa plastiki mfuko huteleza na kulabu hulazimika kushika zaidi. Hata hivyo msuguano unaendelea kuchukua sehemu yake, na hatufiki tena kwenye zile niutoni 80 za shimoni.

Ndiyo maana kulabu ndogo za plastiki zinazotoka na gari kiwandani, ambazo nyingi huandikwa kilo 3 au 4, huonekana dhaifu lakini hudumu, ilhali kulabu nene ya chuma aliyoichagua mwenye gari hung'oka pamoja na kipande cha ukuta. Ukuta wa buti unaouona ni paneli ya plastiki yenye unene wa milimita 2 au 3, iliyoshikwa na klipu, na nyuma yake kwa kawaida kuna nafasi tupu kabla hujafika kwenye bati la bodi. Chuma hakivunjiki, plastiki iliyo nyuma yake ndiyo inayopasuka. Tena mkono wa kulabu ukiwa mrefu, mambo huharibika haraka zaidi. Kulabu ambayo mfuko hukaa sentimita 3 kutoka ukutani, na ambayo skrubu yake ya juu iko sentimita 4 juu ya ukingo wa chini wa kitako cha kulabu, yaani sehemu inayokaa ukutani, huing'oa skrubu hiyo kwa niutoni 30 pale mzigo unapokuwa wa niutoni 40. Ongeza urefu wa mkono hadi sentimita 6, na nguvu ya kung'oa inakuwa niutoni 60 bila mfuko kuongezeka hata gramu moja. Kwa hiyo kulabu fupi, yenye mdomo mpana usiokata mikono ya mfuko, ni bora kuliko ile ndefu ya kuvutia.

Kuhusu gundi nitakuwa mfupi. Paneli nyingi za buti ni za polipropilini, plastiki ambayo gundi za kawaida hazipendi kuishika, na buti la gari lililoegeshwa juani hupata joto la kutosha kulainisha pedi ya gundi hadi iteleze polepole. Kwenye kuta zilizovikwa zulia, gundi hushika nyuzi na kuuacha ukuta. Nimeona pedi chache zilizodumu miaka, nami sijui kwa nini hizo zilidumu, kwa hiyo siwezi kumwahidi mtu yeyote kwamba yake itadumu.

Njia ninayoipendelea ni kutotoboa kabisa. Magari mengi yana pete za kufungia mizigo sakafuni au kwenye kuta, na mengine yana tundu lenye hesi (mikato ya kukazia skrubu) lililofunikwa kwa kifuniko kidogo, ambalo kiwanda kililiacha kwa ajili ya kulabu ya toleo la bei ya juu. Tazama hapo kwanza. Ikibidi kutoboa, paneli itolewe kwa kifaa cha plastiki cha kubandulia, si kwa bisibisi, na nyuma yake iwekwe sahani ya alumini yenye unene wa milimita 2 inayosambaza mvuto, kisha bolti na nati yenye washa pana. Skrubu ya kujikata hesi kwenye plastiki tupu hulegea. Ukitoboa bati la bodi, paka tundu rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo.

Hapa ndipo haraka ya watu inaponikera zaidi. Nyuma ya paneli ile kuna nyaya za taa za nyuma, upande mmoja kuna bomba la kujazia mafuta, na kwenye nguzo za nyuma na kingo za paa la magari mengi kuna mifuko ya hewa ya usalama pamoja na mitungi yake ya gesi. Anayetoboa bila kuitoa paneli anakisia mahali ambapo kukisia hakufai. Kama kazi iko karibu na mifuko hiyo ya hewa, ncha hasi ya betri iondolewe na muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari usubiriwe. Bolti ya mkanda wa kiti haiguswi. Wapo wanaoniomba niibane kulabu chini yake kwa sababu ni imara, na jibu langu ni hapana hata wakinuna, kwa maana kipande cha ziada hubadilisha jinsi bolti hiyo inavyokaza na inavyokaa.

Mahali pazuri zaidi, kwa maoni yangu, ni mgongoni mwa kiti cha nyuma, ikiwa fremu yake ya chuma inafikika. Breki huusukuma mzigo kwa nguvu zaidi kuliko kuongeza mwendo kunavyouvuta nyuma, na mfuko uliokaa pale huegemea kiti badala ya kuchapa hewa. Tatizo ni kwamba viti hukunjwa, na kulabu iliyosahauliwa hukwaruza sakafu ya buti. Ukuta wa pembeni hauna shida hiyo, lakini breki huuachia mfuko upenyo wa kubembea mbele, kwa hiyo huko mikono ya mfuko lazima iwe mifupi. Ikiwa ni mirefu, ipigwe fundo hadi kulegea kuishe.

Wakati mwingine najiuliza kama kulabu inastahili kazi yote hii. Kwa mfuko wa mboga na mayai, naam. Kwa chupa sita za maji za lita moja, ambazo zinapita kilo 6, au kwa chupa za glasi, kreti iliyobanwa dhidi ya kiti cha nyuma hufanya kazi vizuri zaidi bila kutoboa kitu, nami huwaambia wateja hivyo ingawa napoteza kazi. Anayeshikilia kulabu, basi apime kimo kabla ya kutoboa: aweke mfuko wake wa kawaida sakafuni ukiwa umejaa, ainue mikono hadi ikaze, kisha atie alama hapo.