Wastani wa umri wa miaka 40 hausemi watu walikufa na miaka 40

Kuna ujumbe unaozunguka miaka nenda rudi: zamani wastani wa umri wa kuishi ulikuwa chini ya miaka 40, kwa hiyo mtu wa miaka 40 alikuwa mzee. Sivyo. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa vingi, na ndivyo vilivyoushusha wastani huo.

Hesabu mwenyewe. Watu watano walifariki wakiwa na miaka 1, 2, 62, 65 na 70. Jumla ni 200, wastani 40. Lakini hakuna aliyefariki akikaribia 40! Sasa chukua 38, 39, 40, 41 na 42: wastani ni uleule.

Kinachoyatofautisha makundi haya mawili ni mtawanyiko, yaani namba ziko mbali kiasi gani na wastani. Toa wastani kwenye kila namba, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, tafuta wastani wa majibu (hiyo ndiyo varianzi), kisha kipeuo chake cha pili. Unapata mchepuko sanifu, kipimo cha mtawanyiko huo: kundi la kwanza karibu 31.5, la pili 1.4 tu.

Tunachanganyikiwa kwa sababu neno "wastani" tunalisikia kama "kawaida". Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Uliza kwanza namba zilitawanyikaje.