Kidonda kisichopona: maswali tunayoulizwa kliniki ya ngozi, Moshi

Saratani ya ngozi ni nini?
Ni chembe za ngozi zinazokua ovyo bila kufuata utaratibu wa mwili. Huku kwetu inawaandama zaidi watu wenye ualbino, kwa kuwa ngozi yao ina melanini (rangi ya asili ya ngozi) kidogo mno, au haina kabisa, ya kuzuia mionzi ya jua. Watafiti waliochunguza ngozi za wenye ualbino Dar es Salaam na kuchapisha matokeo mwaka 1985 walikuta jua limeanza kuziharibu tangu utotoni. Kwa hiyo kinga inaanza mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni.

Inaanzaje?
Mara nyingi ni kigamba kikavu kinachokwaruza ukikipitishia kidole: kwenye sikio, shingo, shavu au mdomo wa chini. Kikibanduka, kinarudi palepale. Kikiwahiwa hapo tunaweza kukigandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kikiachwa kinaweza kugeuka kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka.

Kidonda changu hakiumi. Nije tu?
Njoo. Saratani hii ikianza mara nyingi haiumi, ndiyo maana watu wanakaa nayo. Kidonda ambacho wiki 4 zimepita hakijapona kikachunguzwe, kiwe kinauma au hakiumi.

Lakini napaka dawa, kinakauka kidogo halafu kinarudi.
Dawa gani? Tukifungua kitambaa tunakuta unga wa kapseli za rangi mbili umegandamana na usaha, chini yake majani yaliyotwangwa, na kitambaa chenyewe kimeshika nyama. Inabidi tuloweke kwanza kwa maji ya chumvi ndipo tukione kidonda. Tafadhali, acheni kumimina kapseli kwenye vidonda. Hazitibu saratani, zinakupotezea muda tu. Na kidonda kinachokauka kisha kurudi ni kidonda ambacho hakijapona. Hesabu ni ileile: wiki 4.

Nasikia kikikatwa kinasambaa.
Hapana. Kinachosambaza ni kukaa nacho. Wanaosimulia kwamba fulani alikatwa akafa hawamalizii habari: alikatwa baada ya kuzungushwa kwa waganga mpaka tezi za shingo zikavimba. Kinyama tunachochukua kwa ganzi kwenda maabara hakiuamshi ugonjwa, kinatuambia ni ugonjwa gani. Kidonda kikiwa kidogo, mara nyingi kukiondoa chote ndiyo tiba yenyewe.

Mimi ni mweusi, yananihusu?
Hatari yako ni ndogo, ila ipo, na mara nyingi haitokani na jua. Angalia nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, kwa saratani ya ngozi iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Mwenye kovu la moto au donda ndugu la miaka mingi naye, likianza kuota nyama, asingoje.

Nijikinge vipi?
Nguo kwanza. Kepu inaacha masikio na shingo nje, na huko ndiko tunakoviona vidonda. Vaa pama. Shati zito la mikono mirefu utalipata kwenye soko la mitumba la Memorial. Mafuta ya Kilisun ya kukinga jua yanatengenezwa hapahapa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, kwa ajili ya wenye ualbino. Yapake kabla ya kutoka, usiruke masikio, kisha rudia kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Mafuta ya nazi na ya mgando hayafanyi kazi hiyo. Mkorogo usiuguse kabisa. Na Juni na Julai, mji ukifunikwa na mawingu, mionzi bado inapita.

Naweza kusubiri mavuno yaishe?
Hapana! Mavuno yakiisha kuna ada, ada ikiisha kuna Krismasi. Wiki 4 zikipita, nenda zahanati iliyo karibu uombe rufaa ya kliniki ya ngozi.

Shule inamkataza mwanangu kofia na mikono mirefu, ati si sare.
Nenda kwa mwalimu mkuu na barua ya kliniki, tutakuandikia. Mwombe pia mtoto akae mbali na dirisha linaloingiza jua, na wakati wa paredi asimame kivulini.