Kadi ya fedha za safari: kwa nini hela yake haihami kama ya simu

Shangazi yangu anauza vitenge na mashuka Makoroboi, hapa Mwanza. Juzi alirudi kutoka Dubai na mabegi mawili, kikohozi cha viyoyozi, na kadi yenye dirhamu 360 alizoshindwa kuzimaliza. Akanikabidhi kadi na simu yake kwa pamoja. "Nihamishie humu, baba." Kwake ilikuwa kazi ya dakika moja, kama anavyomtumia mtu wa Mwaloni hela ya dagaa.

Kadi ile ndiyo kadi ya fedha za safari. Unaijaza kabla ya kuondoka, ukifika huko unatumia ulichojaza tu. Anayetumia umeme wa LUKU ameshaelewa nusu ya habari: unalipa kwanza, zikiisha zimeisha. Ndani yake kuna mifuko ya sarafu, mmoja wa dola, mwingine wa dirhamu au yuro, kutegemea kampuni iliyoitoa. Siku unayojaza dirhamu ndiyo siku bei yake inapofungwa kwako. Ikipanda wiki ijayo, wewe haikugusi.

Kwa kuwa ina nembo ya Visa au Mastercard na tarakimu 16, watu huichukulia kama kadi ya benki. Kadi ya kawaida ya benki imeshika akaunti yenye jina lako na namba yake. Hii ya safari, mara nyingi, imeshika kapu la kampuni, na wewe una fungu lako humo ndani. Zile tarakimu 16 ni za kulipia. Ukiziandika kwenye fomu ya benki panapotakiwa namba ya akaunti, hela haifiki.

Basi "kuhamisha mtandaoni" kuna maana zaidi ya moja, na bei zake hazifanani. Rahisi kubonyeza ni kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine ndani ya kadi ileile. Humo ndimo watu wanamoumia kimyakimya. Tuseme ulinunua dirhamu kwa 3.60 kila dola: dola 100 zikakupa dirhamu 360. Hukununua kitu, unazirudisha kwenye mfuko wa dola, na kampuni inakuhesabia 3.75. Unapata dola 96. Nne zimeondoka na hujanywa hata soda. Wala usiilaumu dirhamu: imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa dirhamu 3.6725. Kilichokula ni tofauti ya bei ya kuuza na ya kununua, na kwenye skrini hutaiona ikiitwa makato.

Kuitoa nje ya kadi ni habari nyingine. Baadhi ya kampuni huruhusu urudishe salio kwenye akaunti ya benki kupitia tovuti yao, kwa ada, na kwa kawaida akaunti iwe na jina lilelile la mwenye kadi. Nyingine hazina mlango huo kabisa. Ukijaribu kujaza pochi ya simu kwa kadi, kampuni inaweza kukukatalia, au ikakukata kana kwamba umetoa fedha taslimu.

Ya shangazi ilikuwa na mlango. Tukajaza kila kitu, tukabonyeza, namba ya siri ya mara moja ikatumwa kwenye laini aliyojisajilia. Laini hiyo alishampa mwanawe, naye yuko Ukerewe, ambako siku hiyo mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Alipotupigia kutusomea, namba ilikuwa imeshakwisha muda. Mara tatu. Ya nne tovuti ikatufungia.

Tukashuka hadi mashine ya kutolea fedha, barabara ya Kenyatta. Pale kuna swali la kuwa nalo makini: mashine inaweza kukuuliza kama ukatwe kwa shilingi, au ikubadilishie yenyewe kwenye sarafu ya kadi. Ile ya pili inavutia kwa sababu inakuonyesha kiasi kamili hapohapo, lakini bei ni ya mwenye mashine, na kwa kawaida ni mbaya kuliko ya kampuni ya kadi. Tukachagua shilingi. Noti zikatoka, ada ikakatwa, na kwenye kadi zikabaki dirhamu 11 na senti kadhaa, ambazo hakuna mashine itakayozitema.

"Ziache," akasema, akifunga noti kwenye khanga. "Naenda tena Novemba."

Kadi nyingi za aina hii hukatwa ada ya kila mwezi zikikaa muda mrefu bila kutumika. Nikaigeuza kadi nione tarehe ya mwisho. Septemba.

"Basi kanunue pipi," akaniambia, akaniachia kadi.