Je, wajua? Manjano ya mchuzi hayakai juu ya kucha ya jeli, yanazama ndani

Mtu kapaka kucha jeli nyeupe ya maziwa Ijumaa, Jumamosi kaenda kwenye shughuli kala wali na samaki wa kupaka kwa mkono, Jumapili anaamka kucha tatu zimekuwa njano kama ganda la embe na hazitoki kwa sabuni wala kwa nini. Wakati huohuo sahani ya udongo iliyobeba mchuzi uleule imeoshwa mara moja tu ikatoka nyeupe pe. Kwa nini?

Mi nilikosea jibu mara mbili, kwa hiyo nianze na makosa yangu.

Kosa la kwanza lilikuwa kumsingizia mtu. Nilirudi saluni sura imenuna, nikamwambia dada wa kucha kwamba jeli yake feki, imegeuka rangi yenyewe hata wiki haijaisha. Wala hakubishana. Akasema, "Haya dada angu, weka na mkono wa kushoto hapa." Nikaweka yote miwili mezani chini ya taa. Kushoto nyeupe kama siku niliyotoka pale. Kulia gumba, cha shahada na cha kati njano, cha pete njano upande mmoja tu, kidole cha mwisho safi kabisa. Akaniuliza kwa upole nimekula nini. Chupa moja, siku moja, taa moja, halafu mkono unaokula ndo umebadilika na mwingine haujabadilika, hapo hata mimi niliona aibu. (Zipo topu koti, yaani tabaka la juu la kumalizia, zinazoweza kugeuka njano zenyewe kadiri siku zinavyokwenda, sikatai, lakini hiyo ingegeuka mikono yote miwili, haichagui vidole vya kumegea tonge.)

Kosa la pili ndo kubwa zaidi na nadhani wengi tuko nalo. Nilijua sasa ni manjano, nikaamini kwamba ni uchafu umekaa juu. Jeli si inang'aa kama kioo, na kioo hakipitishi kitu, kwa hiyo ni suala la kusugua tu. Nikasugua na sabuni ya mche na mswaki wa zamani, nikasugua na limau, nikasugua na magadi, nikaja na dawa ya meno. Nilichopata ni kucha ya njano isiyong'aa. Na kitambaa nilichokuwa nafutia, chenye madoa ya mchuzi, kilipokutana na sabuni kikageuka wekundu wa damu ya mzee nikadhani nimejichubua! Kumbe manjano ndo tabia yao, yakikutana na kitu cha magadi au sabuni kali yanakuwa mekundu, ukiweka limau yanarudi njano. Yaani kwa siku nzima nilichokuwa nafanya ni kuyabadilisha rangi huku na huku, sio kuyatoa. Na dawa ya meno ina chembe za kukwaruza, hizo zilikuwa zinakula mng'ao wangu taratibu.

Sasa tuje kwenye jeli yenyewe. Historia tuiruke haraka: jeli za kukaushwa kwa taa zipo tangu miaka ya 1980, hizi za kupaka kama rangi ya kawaida na kuloweka kwenye asetoni zikashika kasi kuanzia 2010 hivi. Cha muhimu ni kwamba ile jeli kwenye chupa ni ya majimaji kwa sababu molekuli zake ziko mojamoja, hazijashikana. Ukiweka mkono kwenye taa, kuna dawa ndani yake inashtuliwa na mwanga, nayo inazilazimisha zile molekuli zishikane mikono. Hapo unapata plastiki. Sio kioo, plastiki.

Na plastiki ukiitazama kwa karibu sana ni kama mkeka. Mkeka ukiutazama umesimama mlangoni unaona kitu kimoja kimezibana vizuri, lakini kaa juu yake na miguu yenye mchanga halafu uukunje, chini utakuta mchanga umejaa. Umepita wapi? Katikati ya ukili na ukili. Jeli iliyokauka nayo ina nafasi kama hizo, ila ni ndogo mno kiasi kwamba uchafu wa kawaida, tope, vumbi la mkaa, haviwezi kupenya, vinakaa juu na vinaoshwa. Rangi ya manjano inapenya kwa sababu ni molekuli ndogo. Inaitwa kurkumini, ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1815, na kwenye unga wa manjano ni asilimia chache tu, lakini hizo chache zinatosha kuharibu kanzu na heshima.

Udogo peke yake hautoshi lakini. Maji ni madogo kuliko kurkumini mara nyingi na hatuoni yakiigeuza kucha. Kinachomaliza kazi ni kwamba kurkumini haipendi maji kabisa, inapenda mafuta, na vitu vinavyofanana na mafuta. Plastiki ni mmojawapo. Chukua lile kopo la siagi la plastiki ambalo kila nyumba linalo, lile lililogeuzwa la kuwekea mchuzi kwenye friji. Likae na mchuzi wa manjano usiku mmoja, kesho yake utaliosha mpaka mikono iume na litabaki njano, ila bakuli la kioo lililokuwa pembeni yake limesafishika. Kurkumini ikiwa kwenye mchuzi ni kama mgeni asiyejua mtu kwenye harusi, ikiona kopo inaona ndugu zake, inahamia. Ukimwaga mchuzi yenyewe haitoki, kwa nini itoke, imeshafika kwao. Ukiosha kwa maji ndo kabisaa, unaiita irudi sehemu inayoichukia.

Kucha yako ya jeli ndo lile kopo, jembamba tu na la bei zaidi.

Joto linaongeza kasi, kwa hiyo wali wa moto na mchuzi wa moto vinaingiza rangi haraka kuliko kiporo. Na mkeka uliosukwa ovyo unapitisha mchanga zaidi: jeli iliyopakwa nene, au iliyowekwa kwenye taa dhaifu, au gumba lililokaa upande upande ndani ya mashine mwanga usilifikie vizuri, inabaki na molekuli nyingi ambazo hazijashikana. Halafu kuna ule ute wa kunata juu ya jeli baada ya taa. Ule upo kwa sababu hewa ya oksijeni inazuia tabaka la juu kabisa lisikauke, ndo maana fundi anaufuta kwa spiriti. Ukifutwa nusunusu, umebakiza gundi inayosubiri mchuzi. Kama ndicho kilichonitokea mimi kwenye gumba siwezi kuapa, maana gumba pia ndo linaloshindilia tonge.

Kuhusu kuitoa, hapa kuna jambo linalonifurahisha kuliko yote. Kurkumini inaonekana njano kwa sababu inameza mwanga wa bluu na zambarau, na ule mwanga inaoumeza ndo unaoivunja. Ukikaa juani haitoki kwenye kucha, inafia humohumo ndani. Inakatika vipande visivyo na rangi, na mojawapo ya vipande hivyo ni vanilini, kitu kilekile kinachoipa vanila harufu yake. Usijisumbue kunusa kucha, ni kidogo mno, lakini kwamba doa la mchuzi wa samaki linaishia kuwa vanila mimi nilicheka peke yangu. Bibi zetu wanaoanika nguo ya doa la manjano juani badala ya kupigana nalo walikuwa sahihi muda wote. Zangu zilianza kufifia siku ya pili ya kufua na kuanika nje, baada ya siku nne hivi ilibaki kivuli tu. Kupitia dirishani nako kunasaidia, taratibu zaidi. Ngozi ipake mafuta ya kuzuia jua tu, usije ukatibu kucha ukaunguza mkono.

Kama ndo kwanza umetoka kula, usisubiri jua. Rangi inahitaji muda kuzama, kwa hiyo nawa mapema, paka mafuta ya kula kidogo kwenye kucha uyafute na tishu halafu ndo sabuni, maana mafuta yanaibeba kurkumini ambayo maji hayaiwezi. Pamba yenye spiriti, pitisha mara moja na uache. Asetoni hapana! Ni kweli inayeyusha manjano, ila ndo hiyohiyo inayovimbisha jeli mpaka ibanduke, kwa hiyo unafungua mkeka wenyewe. Jiki nayo iache, ni ya maji, kwenye plastiki haizami vizuri, kinachoungua ni ngozi. Doa likigoma, fundi anapitisha tupa juu kidogo na kupaka topu koti mpya, dakika kumi limeisha. Kuzuia ni glavu ukisaga au kumenya manjano mabichi, kijiko ukiweza, na kama una singo ya harusi (ile ya kusugulia mwili) yenye manjano ndani, fanya singo kwanza, kucha baadaye.

Hina usiichanganye na hii habari. Hina inajifunga kwenye protini ya ngozi na kucha, ndo maana kwenye kucha tupu inakaa mpaka kucha iote iishe, na jeli haina protini, kwa hiyo sitarajii iing'ang'anie hivyo, ingawa kwenye mikwaruzo unga unaweza kujificha. Ukijani chini ya jeli nao sio doa, mara nyingi ni bakteria waliopata unyevu, hiyo itolewe jeli na uonane na daktari.

Wa kuogopa ni rangi nyeusi ya nywele, na piko, ile nyeusi ya kuchorea mikono, ambayo aghalabu ni rangi hiyohiyo. Hizi zinaingia zikiwa molekuli ndogo zisizo na rangi, zikishakuwa ndani zinakutana na oksijeni, zinaungana, zinakuwa kubwa na nyeusi, na mlango ule zilioingilia haziuwezi tena. Jua halizisumbui kama manjano. Hizo ni za tupa tu.