Hiyo "Batman Part Two" uliyojaziwa kwenye flashi si yenyewe

Malalamiko yanayotufikia kutoka Ngarenaro, Sakina na Kijenge jijini Arusha, na hata Moshi mjini, ni yale yale. Mtu ameingia duka la kujaza muvi, ameulizia mwendelezo wa Batman, amejaziwa. Nyumbani anafungua faili: dakika kumi za mwanzo Robert Pattinson, anayeigiza Batman, yumo, baada ya hapo haonekani tena, na anayetawala picha mpaka mwisho ni jamaa mnene mwenye makovu usoni anayechechemea. Anarudi dukani, anaambiwa hiyo ndiyo original kutoka Marekani. Ndipo anakuja kwetu, tunaoshughulika na vibali vya maonesho ya filamu, akitaka muuzaji achukuliwe hatua kwa kumuuzia feki.

Tuanze na jibu fupi. Hakuna duka la Arusha, Nairobi wala Dubai lenye filamu hiyo. Tarehe iliyotangazwa ya kutoka ni 1 Oktoba 2027. Jibu la pili walalamikaji wengi hawalipendi: hata kama ungejaziwa ya kweli, kosa lingekuwa lile lile, ila tu usingekuja kulalamika.

Huyo anayechechemea ni Penguin, mmoja wa maadui wa Batman. Ana tamthilia yake ya vipindi 8 iliyooneshwa na kituo cha televisheni cha HBO kati ya Septemba na Novemba 2024, na hadithi yake inaanza wiki moja tu baada ya filamu ya kwanza, The Batman ya 2022, kuishia. Muuzaji anachukua vipande vya mwisho vya filamu ya 2022, anaviunga na vipindi viwili au vitatu, anafuta majina ya mwanzo na mwisho, anabandika kava. Kwa asiyefuatilia, kweli inaonekana kama mwendelezo. Mbinu hii inafanya kazi kwa sababu watu wanaamini filamu kubwa ikishatangazwa, basi tayari ipo mahali fulani imefungiwa kabatini, na mwenye mkono mrefu anaweza kuichomoa. Kwa muda mrefu wa safari yake, filamu haipo kabatini wala kokote.

Tazama safari ya hii yenyewe. Filamu ya kwanza ilitoka tarehe 4 Machi 2022. Aprili mwaka huo huo studio ikatangaza kwamba mwendelezo utakuwepo, na mwongozaji atabaki Matt Reeves. Januari 2023 ikapangiwa tarehe: 3 Oktoba 2025. Mei 2, 2023 waandishi wa Hollywood wakagoma, mgomo ukaenda mpaka Septemba 27. Waigizaji nao wakagoma kuanzia Julai 14 mpaka Novemba 9. Wakati wa mgomo mwandishi hagusi kalamu, na mwongozaji ambaye pia ni mwandishi naye yumo humo humo. Machi 2024 tarehe ikasogezwa hadi 2 Oktoba 2026. Desemba 2024 ikasogezwa tena hadi 1 Oktoba 2027. Mswada, ambao Reeves aliuandika na Mattson Tomlin, ulitangazwa kukamilika mwishoni mwa Juni 2025, na mpango ukawa kuanza kupiga picha mwaka 2026. Kwa hiyo aliyekuwa akiuza "Part Two" pale soko la Kilombero, Arusha, mwaka 2024 alikuwa akiuza filamu ambayo maneno yake hayajamalizika kuandikwa. Haya yote yalitangazwa hadharani. Kuyasoma hakuhitaji hata kifurushi cha wiki.

Mswada ukishapita, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kwa makadirio ya kawaida, ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja ya filamu, na wapanga ratiba hugawanya kila ukurasa vipande nane, kwa sababu kurasa hazilingani kwa kazi. Ukurasa wa watu wawili wanaozungumza mezani unaweza kumalizika kabla ya chakula cha mchana. Mstari mmoja unaosema "gari linapinduka barabarani kwenye mvua" unaweza kula wiki nzima: gari za akiba, mabomba ya mvua, madereva wa kupindua gari, wazimamoto, taa za usiku. Vazi la shujaa peke yake hutengenezwa nakala kadhaa, moja ya kusimama karibu na kamera, nyingine nyepesi ya kupigania, nyingine ya mwigizaji wa hatari.

Halafu kuna uhariri. Mkataba wa chama cha waongozaji wa Marekani unampa mwongozaji wa filamu kubwa angalau wiki 10 za kuhariri toleo lake kabla mtayarishaji hajaanza kuingilia. Baada ya hapo zinakuja kazi za kompyuta, sauti, muziki, kuonesha kwa watazamaji wa majaribio, na mara nyingi kurudi kupiga picha za nyongeza. Ile ya kwanza ilianza kupigwa Januari 2020, ikasimama Machi kwa sababu ya korona, ikarudi Septemba, ikasimama tena kidogo, ikamalizika Machi 2021. Kutoka siku kamera zilipozimwa mpaka kuingia kwenye kumbi ni mwaka mzima, na ilikuwa imekamilika kupigwa! Anayekuambia "wameshamaliza kushuti, kwa hiyo ipo" hajui hata alichokisema.

Je, filamu haijawahi kuvuja? Imewahi, na hatufichi. Mwishoni mwa Machi 2009, takriban mwezi mmoja kabla ya X-Men Origins: Wolverine kutoka, nakala ya kazi ilisambaa mtandaoni. Waliodanlodi walikuta nyaya zinazowashikilia waigizaji zinaonekana, majengo yasiyokamilika na sehemu za kompyuta zikiwa bado michoro mitupu. Mkazi wa New York aliyeipandisha mtandaoni alihukumiwa mwaka mmoja jela Desemba 2011. Ndiyo sura ya filamu inayovuja kabla ya wakati. Kwa hiyo ukiletewa nakala safi, yenye muziki kamili na rangi zilizokamilika, miezi kadhaa kabla ya siku ya kutoka, usafi wake ndio ushahidi kwamba ni kitu kingine.

Ikishakamilika, haisafirishwi kwa flashi. Ukumbi wa sinema hupokea furushi la kidijiti, kwa kawaida ndani ya hadi-diski, lenye gigabaiti 150 hadi 300 au zaidi, na limefungwa kwa msimbo. Ufunguo unatumwa kando, kama faili dogo la barua pepe. Ufunguo huo unafanya kazi kwa mtambo mmoja tu unaotambulika kwa cheti chake, na kwa siku na saa zilizoandikwa ndani yake. Ukiupeleka ukumbi wa jirani haufungui kitu. Ukichelewa kuomba mwingine baada ya siku kuisha, watazamaji wamekaa na bisi mkononi na skrini imebaki nyeusi. Zaidi ya hapo, mtambo unapachika alama zisizoonekana kwa macho ndani ya picha na sauti: mtambo upi, tarehe na saa ngapi. Aliyerekodi kwa simu akiwa kiti cha nyuma, rekodi yake yenyewe inaweza kuonesha ukumbi ulikuwa upi.

Sasa linganisha na faili lako la gigabaiti 1.2. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aifungue katikati, si mwanzoni. Mwanzo ndipo ufundi wote ulipowekwa. Angalia kama umbo la picha linabadilika ghafla kutoka pana kwenda fupi, hiyo ni dalili ya kuunga kazi mbili. Sikiliza kama sauti ina mwangwi na vicheko, au pembe za picha zimelala upande: hiyo imerekodiwa ukumbini. Angalia urefu pia. Ile ya 2022 ina dakika 176, na filamu ya aina hii haiwi na dakika 48. Faili likiishia na herufi za programu, yaani .apk au .exe, halina filamu kabisa. Linataka kuingia kwenye simu au kompyuta yako, na likiingia linatafuta ujumbe wa benki na wa pesa za mtandao.

Trela nazo zimekuwa tatizo. Trela nyingi za filamu ambazo bado hazijapigwa zimetengenezwa kwa akili unde au kwa vipande vya filamu za zamani. Mwaka 2025 YouTube ilikata mapato ya chaneli mbili kubwa zilizokuwa zikiishi kwa trela za namna hiyo. Trela ya kweli huwekwa kwenye ukurasa wa studio yenyewe. Tunachoka kueleza hili, lakini tutaendelea kulieleza.

Tugeukie wenye vibanda vya kuonesha filamu, maana hao ndio wanaoandika ubao "LEO BATMAN 2, SAA 2 USIKU, JERO". Ukaguzi ukifika, mwenye kibanda hutoa leseni ya biashara ya halmashauri kama vile ni pasipoti. Leseni hiyo inasema unaruhusiwa kufanya biashara, basi. Kuna mambo matatu mengine, na hakuna linalobeba lingine. La kwanza ni ruhusa ya mahali penyewe kutumika kuonesha filamu, na hapo tunaangalia milango ya kutokea, nyaya za umeme na idadi ya watu. La pili ni filamu yenyewe kuwa imepitishwa kuoneshwa kwa umma, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976. La tatu ni idhini ya mwenye haki. Ombi linaanzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako. Usianzie Dar es Salaam, usianzie kwa mwenyekiti wa mtaa, na usimtume kijana wa kibanda asiyejua jina la mmiliki kwenye leseni. Njoo mwenyewe na kitambulisho, TIN, leseni, na orodha ya utakachoonesha. Orodha isiyo na majina ya filamu, iliyoandikwa "muvi mbalimbali", itarudishwa.

Kisimbuzi cha nyumbani hakikupi haki ya kutoza kiingilio. Akaunti ya Netflix ni ya matumizi binafsi. Na hoja kwamba "hii ni ya Wamarekani, hapa haina mwenyewe" ilikufa zamani: Marekani iliingia Mkataba wa Berne wa kulinda hakimiliki mwaka 1989 na Tanzania mwaka 1994, kwa hiyo kazi yao inalindwa hapa kama ya msanii wa Moshi. Madijei wa kutafsiri nao wanahusika. Kazi yao ina ufundi, hatubishi, na wapo wanaochekesha kuliko filamu yenyewe, lakini haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi, na kuweka sauti yako juu ya sauti ya mwingine hakuifanyi iwe yako.

Kuhusu adhabu, tueleze taratibu kwa sababu watu hutaja faini za kubuni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, kama ilivyotungwa, kifungu cha 42, iliweka kwa ukiukaji wa kibiashara faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote, kwa kosa la kwanza. Na kwa anayerudia, isiyozidi milioni 10 au kisichozidi miaka 5, au vyote. Imefanyiwa marekebisho baadaye, na mahakama hutumia sheria kama inavyosomeka siku ya kosa. Ukisambaza mtandaoni, kwenye magrupu ya WhatsApp au chaneli za Telegram za kulipia, unaingia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 24: kinataja shilingi milioni 5 na miaka 3 kwa asiyefanya biashara, milioni 20 na miaka 5 kwa anayefanya. Elewa maana yake: "mimi nilishea tu, sikuuza" si utetezi, inabadilisha tu kiwango. Nje ya jinai, mwenye haki anaweza kukudai fidia, na mahakama inaweza kuamuru nakala ziharibiwe.

Kwa wazazi, moja tu. Batman si katuni ya mtoto kwa kuwa amevaa kinyago. Ile ya 2022 ilipewa Uingereza daraja la miaka 15. Mtoto wa darasa la tatu akiwa kwenye benchi la kibanda saa 3 usiku, tunamuuliza mwenye kibanda kwanza, na wewe baadaye.

Ukiwa umeshauziwa, lete flashi kama ilivyo, picha ya kava au ya ubao, na ujumbe wa muamala kama ulilipa kwa simu. Kama ulitumiwa SMS ya "lipa 2,000 upate linki", isambaze kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, utajibiwa uandike namba iliyoutuma, kisha karipoti polisi. Faili usilifute kwa hasira. Ukilifuta tunabaki na neno lako na neno la muuza flashi, na yeye huwa anaongea vizuri.