Pori la kichwani: wapiga kafi wa kaskazini wanatafuta nini msituni?

Mtu ndiyo kwanza ametoka majini baada ya siku nne. Viganja vina malengelenge, shingo imeliwa na mbu, mtumbwi umelala ubavu kwenye mchanga. Kabla hajapakia mizigo garini, anafuatwa na mtafiti mwenye ramani na kuulizwa: katika safari yako hii, pori lilianzia wapi?

Swali linaonekana la kitoto, maana mpaka wa hifadhi si umechorwa hapo hapo kwenye ramani? Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Lucas, mtafiti wa Shirika la Misitu la Marekani, aliwauliza wageni jambo hilo kaskazini mwa jimbo la Minnesota, na majibu yao hayakuufuata mpaka. Waliosafiri kwa kafi walilianzisha pori ndani zaidi, mbali na barabara na nyumba za wageni. Waliokuja na boti za injini walilianzisha mapema, wengine hata kabla ya kuufikia mpaka wenyewe. Ziwa ni lile lile na miti ni ile ile, ila mmoja kashafika na mwenzake bado yuko njiani.

Hilo pori la pili, lile ambalo halimo kwenye ramani, ndilo dhana ninayotaka kuieleza. Wataalamu huliita pori linalohisiwa. Mimi nitaliita pori la kichwani, maana ndiko liliko: ni eneo ambalo msafiri mwenyewe amelikubali kuwa pori, kwa vigezo vyake, na mara nyingi bila kujua kwamba anavyo vigezo. Kazi ya utafiti ni kuvitoa vigezo hivyo kichwani na kuviweka mezani, ili anayesimamia msitu ajue akigusa kitu gani pori linavunjika, na akigusa kipi hakuna atakayeshtuka.

Neno lenyewe linateleza, hata kwetu. Ukisema fulani amehamishiwa porini, hujamsifu. Serikali ya Tanzania ikisema Pori la Akiba, hicho ni cheo cha kisheria. Kwa Wamarekani nako neno lao la pori lilikuwa la kuogofya kwa muda mrefu, lakini mwaka 1964 pori likatungiwa sheria ya kulilinda. Sheria hiyo inalieleza pori kuwa mahali ambapo mwanadamu ni mgeni asiyebaki. Yashike maneno hayo mawili ya mwisho, tutayarudia.

Mahali pa Lucas panaitwa Boundary Waters, mpakani mwa Marekani na Kanada. Ni zaidi ya ekari milioni 1 za misonobari, mibetula yenye gome jeupe, miamba na maziwa zaidi ya 1,000, na ng'ambo ya mpaka hifadhi ya Quetico inaendeleza maji hayo hayo upande wa Ontario. Ziwa moja likiisha, unashuka, unaugeuza mtumbwi, unautia mabegani kichwa kikiwa ndani yake kama umevaa kofia ya mita tano, unatembea kwenye njia ya mizizi na matope hadi ziwa linalofuata. Ndiyo maana mitumbwi ya huko siku hizi ni ya nyuzi nyepesi, karibu kilo 20, na si gogo lililochongwa kama mtumbwi wetu. Njia hizo za kubebea hupimwa kwa rodi, kipimo cha zamani chenye takriban mita 5, yaani karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Rodi 20 ni mchezo. Rodi 300, mwenye mzigo anaanza kujiuliza nani alimtuma.

Na hapo mabegani ndipo ninapoona siri ya tofauti kati ya yale makundi mawili. Aliyepiga kafi na kubeba mtumbwi mara sita amelilipia lile ziwa la ndani kwa jasho. Boti yenye mota ikimpita kwa kishindo kabla hajatua mzigo, haimpigii kelele tu, inamwambia kwamba pale alipofika kwa siku mbili pangeweza kufikiwa kwa dakika arobaini. Mwenye boti yeye humpungia mkono. Kwake mtumbwi ni sehemu ya mandhari nzuri, kama ndege.

Watafiti wana jina la hali hii: mgongano wa upande mmoja. Mmoja anakereka, mwenzake hana habari. Lucas aliuona, na uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 1982 kuhusu maziwa hayo hayo ukaukuta bado upo. Kwa msimamizi ni kitendawili kibaya. Akiwauliza wote kwa jumla kama kuna tatizo, nusu watasema hakuna kabisa, na wastani utaonyesha tatizo dogo, wakati kuna kundi zima ambalo safari yake imeharibika. Mwaka 1978 Bunge la Marekani liliingilia: mota zikazuiwa katika sehemu kubwa ya maziwa hayo, na ukataji wa magogo ukapigwa marufuku ndani ya eneo hilo.

Magogo yana kisa chake, na hapa pori la kichwani linaonyesha udhaifu wake. Kabla ya 1978 miti ilikuwa ikikatwa katika baadhi ya sehemu. Lakini sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imekataza kukata ndani ya futi 400 kutoka ukingo wa maji, kama mita 120. Kaa ndani ya mtumbwi, macho yakiwa karibu mita moja juu ya maji, uutazame ukingo. Unaona ukuta wa kijani. Nyuma yake kunaweza kuwa na msitu wa miaka mia mbili au uwanja wa visiki, na wewe hutajua, labda usikie msumeno. Pazia la mita 120 lilitosha kulilinda pori la kichwani, hata pale pori la mizizi na udongo lilipokuwa limefyekwa.

Je, hiyo ni hila au ni busara? Nadhani ni vyote viwili. Anayetumia utafiti wa mapendeleo ya wasafiri akumbuke tu kwamba umempa macho ya mtu aliyeketi kwenye mtumbwi. Haukumpa macho ya samaki wala ya mwanaikolojia.

Sasa, vigezo hutolewaje kichwani? Njia ya kwanza ni kuuliza moja kwa moja. Mwaka 1973 mtafiti George Stankey alichapisha utafiti wa maeneo manne ya pori, Boundary Waters likiwamo, akiwapanga wageni kwa jinsi mawazo yao yanavyolingana na maana ya pori iliyo katika sheria ya 1964. Wapo wenye msimamo mkali, ambao hata daraja la mbao linawaudhi, na wapo wanaosema mradi hakuna lami, mimi nimefika. Njia ya pili ni picha. Unamwonyesha mtu kingo za maziwa, moja yenye misonobari mikubwa, nyingine iliyoungua, nyingine yenye upenyo wa ukataji, naye anatoa alama. Siku hizi kompyuta huihariri picha moja ili kibadilike kitu kimoja tu.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, ya kuchagua kati ya safari mbili. Tuseme, kwa mfano wangu mwenyewe: safari A ina njia tatu za kubeba mtumbwi, utakutana na makundi sita kwa siku, msitu mkubwa haujaguswa. Safari B ina njia nane, utakutana na kundi moja, lakini nusu ya ukingo iliungua miaka mitano iliyopita. Chagua. Kisha jozi nyingine, na nyingine. Mtu ambaye ukimwuliza atakwambia anataka kila kitu, yaani utulivu, msitu mkongwe, safari fupi na samaki wengi, hapa analazimika kuachia kimoja ili apate kingine. Majibu ya mamia ya watu yakikusanywa, hesabu inaonyesha ni njia ngapi za kubeba mtumbwi watu wako tayari kuzivumilia ili wasikutane na kundi la pili.

Ipo pia njia ya kutouliza kabisa. Katika hifadhi ya Nopiming huko Manitoba, Kanada, wanauchumi waliziangalia safari ambazo wapiga kafi walikuwa wameshazifanya, wakazilinganisha na hali ya msitu wa kila njia, ukiwamo moto uliopita, ili kupima moto unapunguza kiasi gani thamani ya safari. Miguu, au tuseme makafi, haina sababu ya kumpendeza mtafiti.

Nalo suala la kuungua si dogo huko. Msitu wa kaskazini umezaliwa na moto. Baadhi ya misonobari yake ina koni zilizozibwa kwa utomvu ambazo hazifunguki vizuri mpaka zipate joto kali. Tarehe 4 Julai 1999 dhoruba iliangusha mamilioni ya miti Boundary Waters kwa siku moja. Mwaka 2011 radi iliwasha moto wa Pagami Creek, ukala zaidi ya ekari 90,000. Kwa msitu, hizo ni kurasa katika kitabu kirefu. Kwa mtu mwenye likizo ya wiki moja kwa mwaka, ni ziwa lake aliloharibiwa.

Mtego mkubwa zaidi wa utafiti huu uko kwa watu wasiohojiwa. Anayekerwa na msongamano harudi tena. Anahamia kaskazini zaidi, au anakuja Septemba badala ya Julai, au anaacha. Nafasi yake inachukuliwa na mwingine asiyejali, na huyo ndiye mtafiti anayemkuta ufukweni. Hivyo eneo linaweza kujaa mwaka hadi mwaka huku madodoso yakisema watu wameridhika vizuri tu. Ndiyo sababu moja ya wasimamizi kutokungojea malalamiko: Boundary Waters kila mlango wa kuingilia una idadi ya vibali kwa siku wakati wa msimu, na kundi haliruhusiwi kuzidi watu 9 na mitumbwi 4.

Wengine hawakuhojiwa kwa sababu hawakuwa wageni. Hii ni nchi ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hili. Mtumbwi wa gome la mbetula ni kazi ya mikono yao, njia za kubebea walizikanyaga wao, na michoro myekundu kwenye jabali la ziwa Hegman ilichorwa kabla hajatokea mtu wa kuuliza pori linaanzia wapi. Kwa mtu anayevuna mpunga-mwitu ghuba ile ile aliyovuna bibi yake, jibu la sheria ya 1964 ni geni: hapa yeye si mgeni, na anabaki.

Na yupo aliyebaki ambaye wapiga kafi wenyewe walimpenda. Dorothy Molter, muuguzi, aliishi kwenye visiwa vya ziwa Knife, ndani kabisa, siku nzima ya kafi kutoka barabarani. Eneo lilipotangazwa kuwa pori, wakazi walitakiwa kuondoka; watu wakamtetea, akaruhusiwa kuishi hapo maisha yake yote. Alitengeneza soda ya mizizi, akaipoza kwa barafu aliyokata ziwani wakati wa baridi, na kila kiangazi maelfu ya wapiga kafi, wale wale ambao kwenye dodoso wangeandika kwamba hawataki kukutana na watu, walipanga safari zao ili wapite kwake, wanywe chupa moja, waandike majina yao kitabuni. Alifariki Desemba 1986. Vibanda vyake vilibomolewa vipande vipande, vikasafirishwa hadi mji wa Ely na kuwa makumbusho, na visiwa vikaachiwa miti.