Uchumi si chama: hesabu ya karafuu

Kila msimu wa karafuu ukikaribia hapa Zanzibar, mjadala wa bei unarudi, na ukigusa bei anayolipwa mkulima jibu ni lile lile: "Hayo ni maneno ya mabepari." Siku ya pili ukieleza faida ya kugawa miche ya mikarafuu bure, unaambiwa umerudi kwenye ujamaa. Limenichosha jibu hili, na ubaya wake ni kwamba linatugharimu. Watu wakishaamini kuwa uchumi ni siasa tu, hawakagui tena hesabu, wanamkagua aliyeileta.

Itikadi inasema lipi ni haki: nani amiliki shamba, nani atozwe, nani alindwe. Uchumi unauliza jengine: ukiweka kanuni hii, watu watafanya nini, na kwa kiasi gani?

Utazame ukiritimba wa karafuu, yaani utaratibu wa kuwa na mnunuzi mmoja tu. Mwaka 1937, chini ya Waingereza, sheria iliiweka biashara ya kusafirisha karafuu mikononi mwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma na India ikasusia karafuu zetu, mpaka yakapatikana maafikiano 1938. Baada ya Mapinduzi ununuzi ukawa wa shirika la serikali, hili tunalolijua kwa jina la ZSTC. Miaka ya 1990 Indonesia ya Suharto, serikali iliyowapiga marufuku wakomunisti, nayo ikaunda ukiritimba wake wa karafuu, BPPC, chini ya Tommy, mtoto wa rais. Ulivunjwa 1998, katika masharti ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Wakoloni, wanamapinduzi na wapinga ukomunisti, wote walishika chombo kimoja. Mwenye kuamini kuwa uchumi ni itikadi anieleze: huo ni uchumi wa mrengo gani?

Chombo chenyewe hakijali bendera. Mkulima asipokuwa na mnunuzi wa pili, wa kwanza anaweza kumlipa chini ya thamani ya karafuu yake, na pakiwa na bahari ya kuvuka, karafuu itavuka kwa magendo. Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Tuseme kwenye kituo cha ununuzi cha serikali kilo ni shilingi 10,000 na upande wa Mombasa ni 15,000. Gunia la kilo 50 lina 500,000 kituoni na 750,000 ng'ambo. Mashua, mafuta na wapagazi ni 60,000 kwa gunia, na katika magunia matano moja linakamatwa. Basi mwenye gunia hatarajii 750,000, anatarajia nne ya tano yake, yaani 600,000. Toa 60,000, zinabaki 540,000. Amezidi bei ya kituo kwa 40,000, na kwa hiyo usiku huo mashua inaondoka.

Sasa pandisha bei ya kituo iwe 12,000. Gunia linakuwa 600,000 papo hapo, bila ya bahari wala kujificha. Magendo yamekufa ingawa bei ya ng'ambo bado iko juu. Hiyo 12,000 ni asilimia 80 ya 15,000, na asilimia 80 ya bei ya dunia ndiyo sehemu ambayo Serikali ya Mapinduzi iliamua kumpa mkulima wakati Dk. Shein alipokuwa Rais wa Zanzibar. Njia ya pili ni kuiacha bei 10,000 na kuongeza doria mpaka likamatwe gunia moja katika matatu. Matarajio yanashuka hadi 500,000, ukitoa gharama ni 440,000, na magendo yanakufa vile vile.

Uchumi unaishia hapo. Umekuonesha kuwa njia zote mbili zinafanya kazi, na kwamba ya kwanza inalipwa na hazina, ya pili inalipwa na mkulima pamoja na bajeti ya doria. Nani anastahili kulipa? Swali hilo ni la siasa, na linajibiwa kwa kura. Mchumi anayelijibu huku akijidai anasoma takwimu anadanganya.

Lakini hesabu yangu ina tundu, na vitabu vya skuli huliziba. Ile "moja katika matano" haipimiki vizuri, kwa sababu tunayahesabu magunia yaliyokamatwa, si yaliyopita. Bei na doria zikipanda pamoja, magendo yakapungua, huwezi kusema kwa uhakika lipi lilifanya kazi. Hata hiyo "bei ya dunia" ni tete: karafuu haina soko la kimataifa la kupangia bei kama la kahawa New York, bei inatokana na wanunuzi na madalali wa Singapore, India na Dubai. Na itikadi huingia kwa mlango wa nyuma, pale tunapochagua cha kupima. Ukipima kipato cha mwenye mikarafuu, bei ya 12,000 ni neema. Mpime mchumaji anayelipwa kwa kipimo cha pishi, huenda usione kitu: msimu mkubwa wachumaji huadimika na malipo hupanda, msimu mdogo nyongeza yote hubaki kwa mwenye shamba.

Nawageukia na wale wa soko huria, wanaosema uchumi "umethibitisha" kuwa mnunuzi mmoja aondoke. Haujathibitisha hivyo. Indonesia ilipojitosheleza kwa karafuu za sigara zake za kretek, zinazochanganywa tumbaku na karafuu, miaka ya 1980, bei iliporomoka, na mkarafuu haung'olewi leo ukapandwa mwakani. Huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mnunuzi mmoja anaweza kumkinga mkulima na mporomoko huo, ila kwa sharti kwamba miaka ya neema aweke akiba na isitumike kwengine. Kama hatuioni akiba hiyo, hoja ya kinga haina miguu.

Wanunuzi wakiwa wengi, kila mmoja akigombania mzigo, yupo anayechukua karafuu mbichi mbichi, makonyo (vikonyo vyake) hayajachambuliwa, na mbovu zimo ndani. Zikikaa ghalani hupata ukungu, na jina linaloharibika ni la karafuu ya Zanzibar nzima, pamoja na ya aliyeianika jamvini mpaka ikakauka sawasawa. Kwa hiyo anayetaka ukiritimba uondolewe aseme kwanza nani atapima unyevu na kupanga madaraja, kwa kipimo gani, na mpimaji atalipwa kutoka fungu lipi.